Mpe Njia Haki Yake

Katika safu hii tumezoea kuzungumzia yaliyomo ndani ya nyumba: malezi, mapishi na masikilizano ya mke na mume. Juma hili tunavuka kizingiti, kwani afya ya aliye ndani hutegemea pia njia inayopita mlangoni pake. Na kwa kuwa wengi wetu tuna jamaa walioolewa au wanaofanya biashara Kisumu, tumeuchagua mtaa wa Manyatta uwe mfano wetu.

Shirika la Afya Duniani limemtaka mtu mzima ajishughulishe kwa muda usiopungua dakika 150 kila juma, japo kwa kutembea kwa haraka. Ni nusu saa kwa siku, siku 5. Hata hivyo, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba asilimia 38.5 ya wanawake wa Kenya walikuwa na uzito uliopita kiasi, ilhali wanaume walikuwa asilimia 17.5. Ni rahisi kusema kwamba akina mama wamezidi uvivu na vyakula vya mafuta. Sisi twaona kwamba kabla ya kumlaumu mama, tuitazame kwanza njia yake.

Mwaka 2016 jarida la tiba la The Lancet lilichapisha utafiti wa watu wazima 6,822 katika miji 14 ya nchi 10. Ilionekana kwamba mitaa yenye nyumba zilizokaribiana, bustani za umma na usafiri wa karibu ina wakaazi wanaojishughulisha zaidi, na tofauti yao na wa mitaa isiyo na hayo ni kati ya dakika 68 na 89 kwa juma. Hiyo ni takriban nusu ya zile dakika 150.

Hakuna mji wa Afrika uliokuwemo katika hesabu hiyo, na Manyatta yatuonyesha sababu ya kuisoma kwa uangalifu. Nyumba za Manyatta zimekaribiana sana. Duka liko hatua chache. Kondele na soko la Kibuye hufikika kwa miguu, na wengi hutembea kwa kukosa nauli. Kinachokosekana ni njia yenyewe. Udongo mweusi wa Kisumu, mvua za masika zinaponyesha, hugeuka tope linalonasa kiatu, na mitaro isiyofunikwa hufurika. Mwenda kwa miguu na bodaboda hugombania upenyo mmoja. Usiku, penye taa ya mulika mwizi pana watu. Hatua chache mbele pana giza.

Kwa mama wa Kiislamu kuna uzito wa ziada. Buibui huburura tope. Vijana waliokaa maskani humtupia maneno. Saa ambazo jua ni pole, baada ya Alfajiri na baada ya Magharibi, ndizo saa za giza na hofu. Basi mwenye nauli hupanda bodaboda hata kwa safari ya dakika 10, na asiye na safari hubaki ndani na cherehani yake. Shinikizo la damu na kisukari havibishi hodi.

Hali hii si kudura isiyobadilika. Katikati ya mji huo huo wa Kisumu, njia za waenda kwa miguu zilijengwa upya kabla ya kongamano la Africities la Mei 2022. Nasi wa pwani tunao ushahidi wetu: katika Mji wa Kale wa Lamu, vichochoro vina kivuli cha kuta na magari hayapiti, na bibi aliyekula chumvi nyingi hutembea kila siku bila kuuita mwendo wake mazoezi.

Mtume wetu (s.a.w.) alishindana mbio na mkewe, Bi Aisha (r.a.). Alifundisha pia kwamba kuondoa cha kuudhi njiani ni katika imani, na kwamba wanaokaa njiani waipe njia haki yake: wainamishe macho, wajizuie na maudhi, waitikie salamu, waamrishe mema na wakataze maovu. Mafundisho hayo ni ya maskani ya Manyatta kama yalivyo ya Mombasa.

Kwa hivyo tunawaomba wazee wa misikiti wakae na vijana wa maskani wawakumbushe haki hiyo kwa upole. Majirani wachangie kifuniko cha mtaro ulio mbele yao. Akina mama watoke wawili watatu, kukishapambazuka na kabla ya jua kuwa kali.

Na yaliyo juu ya uwezo wa jirani, kama taa na njia za miguu, yapelekwe kaunti. Katiba ya 2010 imempa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya, na imetaka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Manyatta B ni wadi peke yake. Manyatta A iko katika wadi ya Kondele. Mama ajue wadi yake, na kikao cha bajeti kinapoitishwa ahudhurie, au amtume mumewe na ujumbe kamili. Tukikosa sisi, watakaosikika ni wenye magari.

Wabillahi tawfiq.