CHANGAMOTO NDIYO NINI?



Siku hizi kila barazani tukaapo, toka Jaws Corner hata Malindi, twasikia watu wakinung'unikia maneno. Huyu kachoshwa na "Hakuna Matata" iliyochapwa juu ya fulana za mtaa wa Gizenga, ilhali Muunguja hata usingizini husema "hapana taabu". Na tangu mwaka 2003 maneno hayo mawili yameandikishwa huko Marekani kuwa alama ya biashara ya kampuni ya Disney. Yaudhi, hatukatai, lakini udhia wake ni wa nzi: ukimpunga huondoka.

Tutakayo kuyasema leo ni maneno mengine, yaingiayo majumbani mwetu kwa adabu na kutoka na haki zetu.

La kwanza ni "changamoto". Neno hili ni jamaa wa kuchangamka, na maana yake njema ni jambo limtialo mtu hima ya kutenda. Leo limegeuzwa pazia. Maji yasipotoka, changamoto. Dawa zikikosekana, changamoto. Mtoto akisoma sakafuni kwa kukosa dawati, changamoto. Juzi alikuja dukani kwetu mama mmoja mtu mzima kununua ndoo. Tukamwuliza, "Bibi, maji yanatoka kwenu?" Akajibu, "Mwanangu, wiki ya pili hii. Tumeambiwa kuna changamoto." Tukamwuliza, "Changamoto gani?" Akatutazama kimya. Hakuambiwa kama ni pampu iliyoungua au bomba lililopasuka. Hakuambiwa nani wa kuulizwa, wala lini maji yatarudi. Alipewa neno moja, akashukuru, akenda zake na ndoo tupu.

Kiswahili si maskini. Tuna shida, tuna dhiki, tuna upungufu, uzembe, kosa na wizi. Kila moja lina uzani wake, na mengine yana na mwenyewe: uzembe una mzembe, wizi una mwizi. Changamoto haina mtu.

Sisi ni wauza duka, na twajua ya kwamba mwenye kutaka kumpunja mnunuzi hana haja ya kuiba gunia. Yamtosha kubadilisha jiwe la mizani. Chuoni mwalimu alitusomesha hukumu ya wapunjao kabla hatujajua kuhesabu fedha. Basi neno nalo ni jiwe la mizani. Lichongwapo likawa jepesi, mwananchi hupokea pungufu na huku akidhani kapimiwa sawa.

La pili ni "hitilafu". Nani katika sisi aliyesahau Disemba 2009, umeme ulipokatika kisiwa kizima cha Unguja usirudi hata Machi 2010? Kabla yake, mwaka 2008, tulikwisha kaa kizani kiasi cha mwezi mmoja. Hitilafu ya kwanza twaweza kuisamehe. Ya pili, baada ya mwaka mmoja na nusu, si hitilafu tena. Ina jina jingine, na jina hilo hatukuambiwa.

La tatu ni zito, nalo ni "kazi ya Mungu". Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, nayo imepakia watu zaidi ya mara mbili ya idadi iliyoruhusiwa. Haukupita mwaka, Julai 2012, Skagit ikazama karibu na Chumbe. Twaamini kadari, heri yake na shari yake, na wafu wetu twawaombea rehema. Lakini Mwenyezi Mungu hakukata tikiti bandarini. Kumbebesha Muumba dhambi ya mwenye tamaa si imani. Ni utovu wa adabu mbele Yake na dhulma kwa mayatima.

La nne ni "marudio". Tarehe 28 Oktoba 2015, siku tatu baada ya watu kupiga kura, Mwenyekiti wa Tume alitangaza kuufuta uchaguzi wa Zanzibar, na tarehe 20 Machi 2016 ukafanywa mwingine, ukaitwa wa marudio. Twauliza: arudiaye mtihani si yule aliyeshindwa? Mpiga kura alishindwa somo gani?

Wala sisi tusijitoe. Katika mikutano yetu wenyewe tumemsikia kiongozi wa tawi akiulizwa hesabu za michango, akajibu "mchakato unaendelea", na sisi tukapiga makofi. Akemeaye pazia la jirani naye aliteremshe lake kwanza.

Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Ni aibu gani basi kwa watu walioazimwa ulimi na nchi jirani kushindwa wao kuliita kosa kosa!

Nasaha yetu ni nyepesi. Mtu akikwambia changamoto, usiitikie. Muulize matatu: ni nini, ni ya nani, na itakwisha lini. Uliza kwa heshima, uliza mbele za watu, na usiondoke mpaka ujibiwe. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Na sisi twaongeza kuwa amfichiaye mwenziwe maradhi, kaburi ni la mwenziwe.

Wassalaam.