Watoto wa Mgeta Nao Wafundishwe Mgeta

Mpwa wangu anasoma chuo Tucson, Arizona. Mwaka jana alichukua somo la historia na utamaduni wa Walatino wa Marekani, na kazi ya kwanza waliyopewa ilikuwa kumhoji mzee wa familia kuhusu ardhi: ilikuwa ya nani, ilipatikanaje, na kama ilipotea, ilipoteaje. Wenzake wakawapigia bibi zao walioko Sonora na El Paso. Yeye akanipigia mimi Nyandira, huku Mgeta kwenye milima ya Uluguru, saa tano usiku, nikihesabu magunia ya viazi yanayosubiri lori la Kenta la alfajiri.

"Shikamoo mjomba. Shamba la bibi kule bondeni, nani alimpa?"

Kwa Mluguru swali hilo hujibiwa na mjomba. Shamba alipewa na mama yake, naye mama yake alilipata kwa mama yake, maana ardhi ya ukoo kwetu hufuata tumbo la mwanamke. Baba anaweza kumpa mwanawe sehemu ya kulima, lakini baadaye sehemu ile hurudi kwa ukoo wa baba huyo, kwa watoto wa dada zake. Tuliongea hadi salio lake likaisha. Simu ilipokatika nilibaki na jambo moja kichwani: mimi nafundisha historia sekondari, na sijawahi kuona swali la namna hiyo katika mtihani wowote wa nchi hii.

Kwanza niseme kwa nini nataja Tucson. Shule za mji ule zilikuwa na programu ya kufundisha historia na fasihi ya Wamarekani wenye asili ya Mexico. Baadhi ya watoto hao wazee wao hawakuhamia Marekani. Marekani ndiyo iliyowahamia, kwa vita na mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa 1848 uliochukua karibu nusu ya nchi ya Mexico, kisha kwa ununuzi wa Gadsden wa 1854 ulioichukua Tucson yenyewe. Mwaka 2010 wanasiasa wa Arizona walipitisha sheria ya kuzuia masomo ya aina hiyo, wakidai yanapanda chuki na kuwagawa watoto. Programu ikafungwa na vitabu vikaondolewa madarasani. Ilichukua hadi 2017 kwa jaji wa mahakama ya shirikisho, Wallace Tashima, kuamua kwamba hatua ile ilisukumwa na ubaguzi na ilivunja katiba. Katikati ya mvutano huo, Nolan Cabrera na watafiti wenzake wa Chuo Kikuu cha Arizona walipitia matokeo ya wanafunzi, wakakuta waliosoma programu ile walielekea kufaulu na kuhitimu zaidi kuliko wenzao wasioisoma.

Hoja ya wanasiasa wale naijua, kwa sababu ndiyo hoja ninayopewa katika ofisi ya walimu kila ninaposema tufundishe historia ya Uluguru: "Mwalimu, unataka kuturudisha kwenye ukabila." Na mimi siibezi. Nchi hii ilifuta uchifu mwaka 1963, na sensa zilizofuata ile ya 1967 hazijamuuliza tena mtu kabila lake. Ndiyo maana mtoto wa Mpogoro na mtoto wa Msukuma wanakaa dawati moja na watoto wetu hapa mlimani na hakuna anayehesabu. Hilo sitaki liguswe.

Lakini historia ya Uluguru ukiisoma vizuri haimpi mkabila chochote. Waluguru hatukuwa taifa moja lililoteremka na mfalme wake. Walikuja watu wa koo mbalimbali, kutoka pande tofauti, wengine wakikimbia vita na wengine njaa, kila ukoo ukafyeka msitu wake na kuzika wafu wake hapo. Kingalu wa Kinole aliheshimiwa sana kwa kuleta mvua, ila hakuwa mfalme wa milima yote. Waingereza ndio waliotaka chifu mmoja wa kuzungumza naye. Hata hao Walatino, waliofika milioni 62 katika sensa ya Marekani ya 2020, ni Wamexico wa Texas, Wapuerto Rico wa New York na Wakuba wa Miami, watu waliojikuta chini ya jina moja. Mtoto anayejifunza namna jina lake lilivyoundwa si rahisi kulitumia kumpigia jirani.

Sasa njoo kwenye matuta. Anayepanda kutoka Sangasanga kuja kwetu anayaona kabla hajaona nyumba: ngazi juu ya ngazi, kabichi, karoti, njegere, viazi mviringo. Wageni hupiga picha. Wanafunzi wangu wanayakanyaga kila siku wakienda shule, na ukiwauliza yalianza lini watakwambia ni ya mababu. Mengine ni ya mababu kweli. Mengine ni ya amri ya serikali.

Miaka ya 1950 Waingereza walileta mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, wakawalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Asiyechimba alifikishwa barazani. Upande wa mashariki wa milima udongo mzuri ni wa juu juu tu. Ukichimba ngazi unaufukia, unabaki unapanda mahindi kwenye udongo mwekundu usiozaa kitu. Watu walisema hivyo, hawakusikilizwa. Wapo pia walioamini mzungu anatengenezewa shamba kabla ya kulichukua, na kwa mambo yaliyokuwa yakitokea Kenya miaka hiyo, siwezi kuwaita wajinga. Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo, mawe yakarushwa, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa. Mpango ukafa. TANU, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, ilipata wanachama wengi milimani kutokana na hasira ile.

Hapa ndipo mahali pa kumwamsha mwanafunzi anayesinzia. Mbona matuta yaleyale yaliyokataliwa Matombo yalibaki Mgeta? Jibu halimo kitabuni, liko nje ya dirisha. Huku tuna vijito vya kumwagilia, tuna baridi ya kulea mboga za kizungu, na kabichi ilikuwa na mnunuzi. Tuta lililolipa lilitunzwa, lisilolipa lilikataliwa. Ndani ya swali hilo moja mna udongo, bei, siasa na ukoloni, na kidato cha pili wanaweza kulijadili kipindi kizima bila mwalimu kushika chaki.

Au chukua Februari 1970. Mvua ya saa chache ilisababisha maporomoko ya ardhi mamia kwa mamia eneo la Mgeta. Paul Temple na Anders Rapp, wanajiografia, walikuja wakayapima, na walichokuta ni kwamba karibu yote yalitokea kwenye mashamba na maeneo ya nyasi, machache mno chini ya miti. Makala yao ilitoka mwaka 1972, katika jarida la Sweden. Miteremko ile bado tunailima.

Na hivyo ndivyo mambo yetu yanavyoandikwa: mbali, na kwa lugha za wengine. Kitabu cha Roland Young na Henry Fosbrooke cha 1960 kuhusu ardhi na siasa za Waluguru ni cha Kiingereza. Utafiti wa Peter Pels juu ya wamisionari na Waluguru, Kiingereza. Jean-Luc Paul ameandika kitabu kinene kuhusu koo zetu kwa Kifaransa. Nawashukuru wote, waliuliza wakati wazee wetu bado wapo. Ila kwenye kabati la shule yetu hakuna hata kimoja, na kama vingekuwepo watoto wasingevisoma.

Somo la namna hii likianza, wapo ambao hawatafurahi, na si wizara. Nilipowapa wanafunzi wangu swali lile la mpwa wangu kama kazi ya nyumbani, wazazi kadhaa walikuja shuleni kuniuliza nina maslahi gani. Baadhi yao wana kesi za mipaka. Pia wajomba wenzangu hawakosi sababu ya kuogopa, kwani wapo waliouza ardhi ya ukoo bila kuwauliza dada zao, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi ambayo binti wa kidato cha tatu akiisoma anaweza kuidai jioni hiyohiyo. Somo likifundishwa, na hayo yafundishwe. Sitaki historia ya kucheza ngoma mbele ya mgeni rasmi.

Nafasi sasa ipo. Mtaala mpya umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Kila shule ipewe vipindi vichache vya historia ya mahali pake, na kazi ya mwanafunzi ihesabiwe katika alama za tathmini endelevu, maana kisicho na alama hakisomwi. Kitabu cha kwanza si lazima kiwe kikubwa: matuta, maporomoko ya 1970, koo na ardhi, kurasa sitini kwa Kiswahili. Chuo Kikuu cha Sokoine kilichotuletea mbuzi wa maziwa kina watu wa kutafsiri makala ya Temple na Rapp. Mzumbe wako karibu na njia panda yetu. Halmashauri ya Mvomero inatoza ushuru wa mazao yanayoshuka mlimani, kwa hiyo hela ya kuchapa nakala za shule za tarafa moja inaweza kupatikana. Vikao vya bajeti vikianza, ombi hili litakuwa mezani kwa diwani wetu, na nitataka jibu la maandishi.