Saa moja ya angani, siku nzima ya barabarani: hesabu ya safari kwa wakazi wa Busia na Tororo

Mstari ulionyooka kutoka Uwanja wa Ndege wa Entebbe hadi ule wa Jomo Kenyatta, Nairobi, una urefu wa takriban kilomita 520. Ndege huumaliza kwa saa moja na dakika kadhaa, na kwa kuwa Uganda na Kenya zinafuata majira mamoja, abiria hana haja ya kurekebisha saa yake.

Kwa wakazi wa Busia na Tororo, hata hivyo, takwimu hizo hazina manufaa makubwa. Mstari huo hupita juu ya Ziwa Victoria, takriban kilomita 100 kusini mwa Busia, mbali na mpaka ambako malori na mabasi ya nchi hizo mbili hukutana usiku na mchana. Tororo ina kiwanja kidogo cha ndege, lakini hakina safari za abiria zenye ratiba.

Mfanyabiashara wa Busia, upande wa Uganda, anayetaka kufika Nairobi kwa kutumia Entebbe hulazimika kwanza kusafiri zaidi ya kilomita 200 kuelekea magharibi, kisha arudi angani mashariki alikotoka. Akiongeza msongamano wa magari wa Kampala na saa mbili au zaidi za kusubiri uwanjani, siku yake imekwisha. Basi la moja kwa moja huenda likamfikisha mapema zaidi, tena kwa nauli ndogo.

Uwanja ulio karibu naye uko nchi jirani. Kutoka Tororo hadi Kisumu, kwa mstari ulionyooka, ni takriban kilomita 105. Hadi Entebbe ni takriban 205. Safari ya Kisumu hadi Nairobi huchukua chini ya saa moja, na kwa kuwa ni ya ndani ya Kenya, haitozwi ada za safari za kimataifa.

Njia hiyo imerahisishwa na mageuzi ya ardhini, si ya angani. Tangu mwaka 2014, raia wa Kenya na Uganda wanaweza kuvuka mpaka kwa kitambulisho cha taifa. Mwezi Februari 2018, Marais Yoweri Museveni na Uhuru Kenyatta walizindua kituo cha pamoja cha mpakani Busia, ambako msafiri hukaguliwa mahali pamoja badala ya pawili.

Angani, mwendo umekuwa wa pole. Shirika la pamoja la East African Airways lilisambaratika mwaka 1977, na kila nchi ikashika njia yake. Uganda Airlines ilifufuliwa Agosti 2019, na safari yake ya kwanza ya kibiashara ikawa ya Nairobi. Soko la pamoja la usafiri wa anga Afrika, lililozinduliwa Januari 2018 Kenya ikiwa miongoni mwa nchi 23 za mwanzo, lilikusudiwa kuongeza ushindani na kupunguza nauli.

Manufaa ya soko hilo yatapimwa pia mipakani. Safari ya moja kwa moja kati ya Entebbe na Kisumu, umbali wa takriban kilomita 255, ingepita karibu zaidi na watu wa Busia. Lakini safari fupi hubeba ada zilezile za kimataifa kama ndefu, na ndiyo maana wengi wao bado hukata tiketi ya basi.