Chemsha Bongo: Barua Kutoka Sironga

Safu hii juma hili haianzi kwa swali kama ilivyo ada yake. Inaanza kwa kukiri kosa, na kosa lenyewe ni letu.

Majuma machache yaliyopita tuliuliza ni Mkenya gani aliyekuwa wa kwanza kupata nishani ya dhahabu katika michezo ya Olimpiki. Toleo lililofuata tukatoa jibu: Kipchoge Keino. Hatukufungua kitabu chochote. Jina lilitujia ulimini kama linavyowajia watu wengi, tukaliandika, likapigwa chapa na kuingia majumbani mwenu. Sasa tumepokea barua kutoka Sironga, katika kaunti ya Nyamira, na tangu tuisome hatujapata utulivu.

Aliyetuandikia ni mama mmoja mzaliwa wa huko, aliyeolewa Mombasa, ambaye kila likizo ndefu huwapeleka wanawe kwa babu na bibi yao ili wasisahau upande wa pili wa nasaba yao. Anaeleza kwamba madrasa anayosoma binti yake wa miaka kumi na miwili ilifanya mashindano ya maarifa ya jumla, na baadhi ya maswali yalichukuliwa kutoka katika safu hii. Swali letu la Olimpiki lilikuwamo. Binti akaandika: Naftali Temu. Akakosolewa, na kwa alama hiyo moja akashika nafasi ya pili. Alipomweleza mwalimu kwamba jibu lile aliambiwa na babu yake wa Sironga, mwalimu kwa upole akamwonyesha ukurasa wetu.

Mama yake anaandika hivi: "Mwanangu hakulia wala hakugombana na mtu. Tulipofika nyumbani aliniuliza swali moja tu: kumbe babu ni mwongo? Nami nawauliza ninyi, nimjibu nini?"

Mama, mjibu kwamba babu yake si mwongo. Aliyekosea ni sisi. Na kwa kuwa kosa letu lilichapishwa, tunaona ni wajibu sahihisho lake lichapishwe pia, tena si kwa mstari mmoja uliojificha chini ya tangazo la harusi.

Ilikuwa tarehe 13 Oktoba 1968, katika mji wa Mexico City, ulio juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 2,200. Hewa ya huko ni nyepesi, na mkimbiaji aliyezoea tambarare huhisi kifua kinabana kabla miguu haijachoka. Mbio zilikuwa za mita 10,000, yaani mizunguko ishirini na mitano ya uwanja. Miongoni mwa waliosimama mstarini alikuwapo Ron Clarke wa Australia, aliyeshikilia rekodi ya dunia ya masafa hayo; Mamo Wolde wa Ethiopia; Mohammed Gammoudi wa Tunisia; na Wakenya Kipchoge Keino na Naftali Temu. Temu alikuwa Mgusii, askari wa jeshi la Kenya, mwenye umri wa miaka ishirini na mitatu. Hakuwa mgeni kwa Clarke, kwani miaka miwili nyuma alikwisha kumshinda katika mbio za maili sita kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola kule Kingston, Jamaika.

Keino siku hiyo alikuwa mgonjwa wa nyongo. Mizunguko ilipokuwa imebaki michache maumivu yalimzidi, akatoka njiani. Clarke naye alimaliza wa sita, akaanguka na kuzirai kwa kukosa hewa. Waliobaki mbele wote walikuwa wana wa Afrika. Katika mzunguko wa mwisho Wolde na Temu waliachana na Gammoudi wakakimbizana wao kwa wao, na Temu akamaliza wa kwanza kwa dakika 29 na sekunde 27.4. Wolde alimfuata kwa sekunde 28.0, yaani tofauti yao haikufika hata sekunde moja. Gammoudi akawa wa tatu. Hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki.

Ya pili ilikuja siku tatu baadaye, tarehe 16, kwa Amos Biwott katika mbio za kuruka viunzi na maji. Keino alipata yake ya mita 1,500 tarehe 20 Oktoba, baada ya kumwacha mbali Jim Ryun wa Marekani. Kwa hiyo mtu tuliyemtaja kuwa wa kwanza alikuwa wa tatu. Hatusemi hivi kumpunguzia Keino heshima. Kukimbia na ugonjwa ule na kushinda si jambo dogo. Tunasema kwa sababu sifa ya mmoja haipaswi kulipwa kwa haki ya mwingine.

Wenye kupenda kuchimba zaidi wataona kwamba baina ya tarehe hizo, yaani tarehe 17, palikuwa na mbio za mita 5,000, na humo Gammoudi aliwatangulia Wakenya wote wawili: Keino wa pili kwa sehemu mbili za kumi za sekunde, Temu wa tatu. Hiyo ikawa dhahabu ya kwanza ya Tunisia. Na kabla ya yote hayo, nishani ya kwanza ya Kenya ya namna yoyote ilikuwa shaba ya Wilson Kiprugut Chuma, mita 800, Tokyo, mwaka 1964. Watoto huyachanganya haya kwa sababu wakubwa wao huyachanganya.

Babu wa Sironga, kwa mujibu wa barua, hakumtaja mjukuu wake Temu peke yake. Alimhesabia na Nyandika Maiyoro, Mgusii mwingine, ambaye Kenya ilipopeleka timu yake ya kwanza katika Olimpiki, Melbourne mwaka 1956, alikuwa wa saba katika mita 5,000, na miaka minne baadaye huko Roma akawa wa sita. Hakupata nishani, ndiyo maana vitabu vya shule humpita haraka, lakini waliomfuata walipita alipokwisha kupita yeye. Alimhesabia pia kikosi cha kupokezana vijiti cha mita 400 mara nne kilichotwaa dhahabu mjini Munich mwaka 1972: Charles Asati, Hezahiah Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang. Watatu wa mwanzo ni wana wa Gusii. Leo mtu akitaja mbio nchini Kenya, fikra zote hukimbilia Bonde la Ufa, na milima ya Kisii na Nyamira husahauliwa.

Nasi wa pwani tusicheke, maana tuna msahaulifu wetu. Mkenya wa kwanza kuleta dhahabu kutoka michezo ya Jumuiya ya Madola ni nani? Ni Seraphino Antao, mzaliwa wa Mombasa, mwenye asili ya Goa, aliyeshinda yadi 100 na yadi 220 huko Perth, Australia, mwaka 1962. Ndiye aliyebeba bendera ya Kenya huko Tokyo mwaka 1964, Olimpiki ya kwanza baada ya uhuru. Tumewauliza vijana sita wa mtaani petu. Hata mmoja hakulijua jina lake.

Barua ile ilituzindua jambo jingine, nalo tunapenda kinamama walisome kwa makini. Mara nyingi tumeyazungumza maeneo ya Kisii kana kwamba ni nchi ya mbali isiyo na uhusiano nasi, zaidi ya ndizi na chai. Tumesahau kwamba mwanamke mashuhuri kuliko wote katika upinzani wa pwani dhidi ya Waingereza alipelekwa kufungwa huko huko.

Mekatilili wa Menza, Mgiriama, alisimama mwaka 1913 kuwapinga wakoloni waliotaka vijana wa Kigiriama wakafanye kazi za mashamba ya wazungu, na waliowatoza watu kodi ya nyumba zao wenyewe. Alizunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya maombolezo, na kila palipokusanyika watu alisema nao. Mwezi wa Oktoba mwaka huo alikamatwa pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii, karibu na ziwa Victoria, upande wa pili kabisa wa nchi. Waingereza walidhani kwamba mama mtu mzima, asiyejua lugha ya wenyeji wala njia, hatathubutu kutoroka. Januari 1914 wote wawili walitoroka na kurudi kwao kwa miguu. Kutoka Kisii hadi nchi ya Wagiriama ni zaidi ya kilomita 700, na njiani kuna milima, mbuga za wanyama na makabila yasiyowajua. Walifika. Alikamatwa tena mwaka huo huo, na hatimaye akarejea kwao mwaka 1919.

Na huko alikopelekwa palikuwa na kumbukumbu ya mwanamke mwingine wa namna yake. Wagusii wanamsimulia Moraa, mwaguzi aliyewahimiza vijana wasikubali kutawaliwa. Januari 1908, kijana Otenyo alimchoma mkuki ofisa wa Kiingereza, Northcote, ambaye wenyeji walimwita Nyarigoti. Northcote akapona. Jeshi likaletwa, mifugo ikatekwa, nyumba zikachomwa, na Otenyo akauawa. Huyo Northcote baadaye alipanda vyeo hata akawa gavana wa Hong Kong tangu mwaka 1937 hadi 1941. Ukiulizwa katika mashindano ni gavana gani wa Hong Kong aliyewahi kuchomwa mkuki Kisii, sasa unalo jibu.

Kuhusu sanaa tutasema kidogo, kwani nafasi inatubana. Wagusii wana obokano, zeze kubwa la nyuzi nane lenye sauti nzito ya kuvuma, inayosikika kifuani kabla ya masikioni. Jamaa zake wametapakaa: krar ya Ethiopia, simsimiya ya Misri, na tambura inayopigwa hadi leo katika nchi za Ghuba na watu wenye asili ya Afrika. Msikilizaji wa taarabu aliyezoea udi ataona tofauti mara moja. Udi una shingo ambayo vidole huibana ili sauti ibadilike. Obokano haina shingo, kila uzi una sauti yake.

Kisha kuna jiwe la sabuni la Tabaka, katika kaunti ya Kisii. Bila shaka nyumba nyingi za Mombasa zina kisahani au kisanamu cha tembo kilichochongwa kwa jiwe hilo, kikidhaniwa kuwa kimetengenezwa papa hapa kwa kuwa kimenunuliwa papa hapa. Kwa kawaida wanaume hulichimba na kulichonga, na wanawake hulisugua ndani ya maji hadi linateleza. Kazi hii ya mwisho ndiyo inayompendeza mnunuzi, na mara nyingi ndiyo yenye ujira mdogo. Jiwe la aina hiyo ndilo lililochongwa ndege mashuhuri wa Zimbabwe Kuu. Na katika magofu hayo ya Zimbabwe ilipatikana sarafu ya shaba ya Kilwa yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule yule aliyemkaribisha Ibn Battuta mwaka 1331. Ibn Battuta huyo, alipopita Mombasa katika safari hiyo, aliandika kwamba chakula cha wenyeji kilikuwa ndizi na samaki. Basi tusiwaachie watu wa Sironga ndizi zote.

Turudi kwa binti. Mwalimu wake tumemwandikia, naye, Mwenyezi Mungu amlipe, hakungoja siku ya pili: alisimama mbele ya darasa akasema kwamba jibu la Temu lilikuwa sahihi, akamwongezea alama yake. Kwa hiyo wawili wamelingana katika nafasi ya kwanza. Zawadi ilikuwa kamusi moja, nayo ilikwisha kutolewa. Hatukuona vyema mtoto wa kwanza anyang'anywe kwa kosa lisilo lake, kwa hiyo kamusi ya pili tumeinunua sisi na imekwisha kupakiwa katika basi la Kisii. Ndani yake tumeandika jina la binti, na chini yake jina la babu.

Tumemwomba pia atutungie maswali ya juma lijalo. Ameleta matatu, kwa hati nzuri kuliko yetu. La kwanza: ni mwanamke gani wa Kenya aliyekuwa wa kwanza kupata nishani ya Olimpiki, katika mbio gani, na mwaka gani? La pili: Waluo, majirani wa Wagusii, wana chombo cha muziki chenye nyuzi nane pia, kinaitwaje? La tatu halina jibu moja: kila mtoto amwendee babu au bibi yake, amuulize jambo moja aliloliona kwa macho yake ambalo halimo katika vitabu vya shule, aliandike na kulileta.

Majibu ya mawili ya kwanza tutayachapisha juma lijalo, na safari hii tumekwisha kufungua vitabu.