Wanasesere wa Watu Wazima

Msimcheke mtu mzima anunuaye mwanasesere mkuukuu sokoni Kadutu, akamsuka upya na kumshonea kitenge. Barbie alitokea Marekani mwaka 1959. Mweusi wa kwanza kupewa jina hilohilo alitolewa mwaka 1980 tu. Basi ang'oaye nywele za manjano na kupachika nyuzi nyeusi anasahihisha kosa la kiwanda, tena kwa subira ya fundi.

Sanamu ndogo mikononi mwa wakubwa si jambo geni kwetu. Warega wa Mwenga na Shabunda, katika bwami, walitunza sanamu za mti na za pembe za ndovu. Hazikuwa za kuchezea (tusichanganye mambo). Zilibeba methali na mafundisho. Serikali ya kikoloni ilipiga bwami marufuku mwaka 1948, na sanamu nyingi sasa zimo katika majumba ya makumbusho ya ng'ambo.

Wapo pia waliokuwa watoto mwaka 1996, vita vilipoingia Bukavu, wakakimbia mikono mitupu. Nani atawaambia kwamba wamechelewa kucheza? Ninachokipinga ni kabati lenye kufuli: wanasesere thelathini nyuma ya kioo, huku mtoto wa jirani akibeba mgongoni gunzi la muhindi.