Udongo wa Bara Waishia Sabaki

Kila mwaka mabasi ya shule huteremka kutoka bara kwenda pwani. Wanafunzi huonyeshwa Ngome ya Yesu kule Mombasa, magofu ya Gede na mnara wa Vasco da Gama mjini Malindi, kisha hurejea makwao madaftari yamejaa. Si vibaya, kwani historia ni hazina. Lakini kilomita chache tu kaskazini ya mji huo wa Malindi pana darasa jingine ambalo wengi wao hawalifikii, nalo ni mahali Mto Sabaki unapoingia katika Bahari ya Hindi.

Likizo moja ya Desemba niliipeleka jamaa yangu huko. Tuliwaona viboko wakizamia na kuibuka, heroe wakichakura tope kwa midomo iliyopinda, na makundi ya vitwitwi wanaoruka maelfu ya kilomita kutoka Ulaya na Asia kuikimbia baridi. Miti ya mchu, ambayo ni ya jamii ya mikoko, ilikuwa imechomoza mizizi yake juu ya tope ipate kuvuta hewa.

Kilichomshangaza binti yangu, hata hivyo, si ndege wala miti. "Baba, mbona bahari hii ni nyekundu?" aliuliza. Kabla sijajibu, mvuvi mmoja mzee aliyekuwa akishona nyavu zake alimwambia, "Huo ni udongo wa kwenu bara, mjukuu wangu."

Mzee huyo alisema kweli. Mto huu huanza safari yake ukiitwa Athi. Hupokea maji ya Mto Nairobi, hukata nchi ya Ukambani, na baada ya kuungana na Mto Tsavo huitwa Galana. Ukikaribia bahari ndipo unapopata jina la Sabaki. Majina ni matatu, mto ni mmoja. Mkulima anayelima hadi ukingoni, mchoma makaa anayeacha kilima uchi na mkazi wa jiji anayetupa taka mtoni, wote hukutana Malindi pasi na kujuana.

Huenda msomaji akasema kwamba tope hilo hilo ndilo linalowalisha ndege na kuikuza mikoko. Naam, ni kweli. Ubaya u katika kuzidi. Matumbawe ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968, huhitaji mwanga wa jua, na tope likizidi hudhoofika. Ufuo wa mji nao umejaa mchanga, hata baadhi ya hoteli zilizojengwa karibu na maji sasa ziko mbali nayo. Na shamba lililopoteza udongo wake wa juu halirudishiwi na bahari.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, humpa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi. Haki hiyo haiwezi kulindwa na askari wa wanyamapori peke yao. Italindwa na kijana anayefahamu kwamba kijito kilicho nyuma ya shule yake kina mwisho wake mahali fulani.

Nawasihi walimu, basi, waufuate mto pamoja na wanafunzi wao. Shule isiyo na nauli ya kwenda Malindi haikosi chupa. Chota maji ya mto baada ya mvua kubwa, yaache yatulie hadi kesho, kisha pima tope lililotua chini. Shule ya Machakos na ya Malindi ziandikiane barua na kulinganisha vipimo vyao. Wakulima wa Machakos wamekwisha kuonyesha kwamba matuta yaweza kuiokoa ardhi iliyodhaniwa kuwa imekufa.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa Sabaki uko bara, na wa kuuziba ni sisi tuishio huko.