Makasri ya Andalusia na Mgeni Asiyesoma Kuta

Wahenga walinena kuwa macho hayana pazia. Yamkini walionena hivyo hawakuwahi kumtazama mtalii akipita katika kumbi za Alhambra mjini Granada mchana wa mwezi wa Julai, kofia kichwani, chupa ya maji mkononi na kamera imemfunika uso. Mtalii huyo huyaona matao, nguzo nyembamba za marumaru na maji yanayotiririka. Husifu, hupiga picha, huondoka. Ukutani, kwa kimo cha macho yake, mna maandishi yanayomsemesha tangu alipovuka kizingiti, naye hayajali kwa kuwa ameyadhania kuwa nakshi tu.

Andalusia, jimbo la kusini mwa Uhispania, limejaliwa jua jingi na vilima vingi, na aghalabu penye kilima pana ngome. Watu zaidi ya milioni 2 huizuru Alhambra kwa mwaka, kiasi cha kuwa tiketi ya kuingia katika makasri ya wafalme wa Kinasri hutolewa kwa saa maalumu, na anayechelewa huachwa nje. Si haba. Hata hivyo, wingi wa wageni si wingi wa wasomaji. Ngome hizi ni matini kabla ya kuwa mandhari, na anayezizuru pasi na kuzisoma hutoka akiwa amepokea simulizi ya mshindi peke yake. La ajabu ni kwamba mzungumzaji wa Kiswahili, ambaye waandishi wa vitabu vya mwongozo hawakumfikiria hata kidogo, ana funguo kadhaa za matini hayo mfukoni mwake bila kujua.

Ufunguo wa kwanza ni neno lenyewe. Mhispania huliita kasri alcázar. Hilo ni al-qasr la Kiarabu, neno lile lile lililotuzwa na Kiswahili kwa umbo la kasri. Wanaisimu wengi wanakubaliana kuwa Waarabu nao walilipata kutokana na castrum la Kilatini, yaani kambi ya askari. Na ni katika neno hilo hilo, kwa umbo lake la udogo, ambamo Wahispania walipata castillo, yaani ngome. Kwa hivyo anayesimama kilimani na kuitenga castillo ya Wakristo na alcázar ya Waislamu kana kwamba ni vitu visivyojuana, anawatenga ndugu wa tumbo moja, mmoja aliyebaki nyumbani na mwingine aliyepitia nchi za Shamu kabla ya kurejea.

Ufunguo wa pili u katika majina ya miji midogo ambayo mabasi ya watalii huipita mbio. Iznájar katika mkoa wa Córdoba na Iznalloz katika mkoa wa Granada yote huanza na neno hisn, lenye maana ya ngome. Na Iznalloz ni Ngome ya Lozi, lozi hizi hizi zinazotiwa katika pilau na vitamutamu vya pwani. Aliyesoma historia ya Kilwa Kisiwani ameshalikuta neno hilo katika Husuni Kubwa, kasri la karne ya 14 lililojengwa juu ya mwamba unaoikabili bahari, na ambalo huhusishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Ndani ya Husuni Kubwa mna birika la pembe nane. Andalusia nako hodhi la maji huitwa alberca, ambalo ni neno birika likiwa limevishwa al- mbele yake. Ukiongeza kadhi wa pwani na alcalde, cheo cha meya wa mji wowote wa Uhispania leo, ambacho asili yake ni al-qadi, picha inazidi kukunjuka.

Hii si hoja ya kudai kuwa Waswahili waliijenga Granada. Madai ya namna hiyo yamekwisha kuchosha. Bahari mbili zilikuwa na msamiati mmoja wa ujenzi na utawala, basi. Ibn Battuta ni shahidi wa hilo kwa nyayo zake mwenyewe: mwaka 1331 alipita Mombasa akafika Kilwa, mji wa Sultani al-Hasan, na yapata mwaka 1350 alikuwa Granada wakati Yusuf wa Kwanza, mjenzi mkuu wa Kasri la Comares, alipokuwa kitini. Yusuf alikuwa mgonjwa na hawakuonana, ingawa mama yake sultani alimtumia msafiri huyo dinari za dhahabu. Ni vigumu kumpata mtu mwingine wa karne hiyo aliyetia mguu katika miji yote miwili.

Baada ya majina huja maandishi yenyewe, na hapa ndipo inapofaa kutua. Ujenzi wa Alhambra ya wafalme wa Kinasri ulianzishwa na Muhammad bin al-Ahmar mwaka 1238. Katika kuta zake, kauli moja inajirudia na kujirudia, kwenye lipu, mbao na vigae: hakuna mshindi ila Mungu. Wataalamu waliokusanya na kuorodhesha maandishi ya Alhambra katika miaka ya 2000 walibaini kuwa kauli hiyo huonekana mara nyingi kuliko maandishi mengine yote, hata aya za Kurani na beti za mashairi. Mtalii akiambiwa maana yake hutabasamu, akidhani ni majigambo ya dola lililokuwa na nguvu. Historia inasema vingine. Mwaka 1246 bin al-Ahmar aliukabidhi mji wa Jaén kwa Fernando wa Tatu, mfalme wa Castile, akakubali kumlipa kodi kila mwaka. Na mwaka 1248 askari wake walikuwa upande wa Wakristo walipoizingira na kuitwaa Sevilla, mji wa Waislamu wenzake. Kauli ya kwamba hakuna mshindi ila Mungu, ikiwa imechorwa na ukoo uliodumu kwa kulipa kodi na kupima maneno, ina uchungu ambao kamera haiwezi kuunasa.

Kisha kuna mashairi. Ibn Zamrak, waziri na malenga wa karne ya 14, tungo zake zimechongwa kulizunguka bakuli la chemchemi katika Ua wa Simba na katika kuta za kumbi jirani. Katika baadhi ya tungo za Alhambra anayenena ni jengo lenyewe: kijishubaka cha kuwekea mtungi wa maji hujisifu kwa nafsi ya kwanza. Mwanafunzi aliyekesha akiitafuta tashihisi katika diwani kwa ajili ya mtihani angeikuta hapa ikiwa imesimama wima, imepakwa rangi. Mwaka 2010 José Miguel Puerta Vílchez alichapisha kitabu cha kumwongoza mgeni asome maandishi hayo ukuta kwa ukuta. Kitabu kama hicho kilistahili kutangulia tiketi.

Kwa nini jambo hili lina uzito? Kwa sababu lugha iliyoandikwa kutani ilipigwa marufuku na wale waliozirithi kuta. Granada ilisalimishwa tarehe 2 Januari 1492 kwa mkataba ulioahidi kuwaachia Waislamu dini na desturi zao. Ahadi hiyo haikudumu hata miaka kumi. Yapata mwaka 1500, kwa amri ya Kadinali Cisneros, vitabu vya Kiarabu vilichomwa moto katika uwanja wa Bib-Rambla, vikasazwa vya tiba. Mwaka 1567 ikatangazwa amri ya Mfalme Felipe wa Pili: wazawa wa Waislamu waliobatizwa wapewe miaka mitatu wajifunze Kikastilia, na baada ya hapo kusema, kusoma na kuandika Kiarabu kuwe kosa, hata majumbani. Vita vya milima ya Alpujarra vilizuka mwaka uliofuata na kuendelea hadi 1571. Na kati ya 1609 na 1614 wazawa hao wakafukuzwa nchini kabisa. Karatasi iliungua, midomo ikafungwa, wenye lugha wakapakiwa merikebuni. Lipu ilibaki ikisema.

Mwanafunzi wa Kenya aliyewahi kupelekwa Fort Jesus kwa ziara ya shule anamfahamu Felipe huyo pasi na kujua. Alikuwa pia mfalme wa Ureno tangu miaka ya mwanzo ya 1580, na ni katika utawala wake ambapo Wareno walianza kuijenga ngome ile ya Mombasa mwaka 1593.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kugawa lawama, dini moja huku na nyingine kule. Kuta zenyewe zinakataa. Katika Alcázar la Sevilla, kasri lililo maarufu zaidi katika mji huo halikujengwa na Mwislamu yeyote. Lilijengwa katika miaka ya 1360 kwa amri ya Pedro wa Castile, mfalme Mkristo. Kwenye uso wa kasri hilo maandishi ya Kikastilia yanataja jina lake na mwaka unaolingana na 1364, na katikati yake, kwa herufi za Kikufi, imo kauli ile ile ya Granada: hakuna mshindi ila Mungu. Ndani, maandishi ya Kiarabu yanamsifu Pedro kwa cheo cha sultani. Rafiki yake Muhammad wa Tano, aliyepinduliwa kisha akarejea kitini mwaka 1362 kwa msaada wa Pedro huyo huyo, ndiye aliyeujenga Ua wa Simba. Mwongozaji anayewaambia wageni kuwa hiki ni cha Wakristo na kile ni cha Waislamu amewanyima nusu ya haki yao.

Kwa upande wa pili wapo wanaopenda kuisawiri Andalusia kama bustani ambamo dini tatu ziliishi bila ugomvi. Nao waipande Alcazaba ya Málaga. Ngome hiyo iliimarishwa katika karne ya 11 na Badis, mfalme wa Granada; na ni katika enzi yake, mwishoni mwa mwaka 1066, ambapo Wayahudi wa Granada waliuawa kwa halaiki pamoja na waziri wake Myahudi. Nguzo kadhaa za Alcazaba ziling'olewa katika magofu ya Kirumi, na ukumbi wa michezo wa Kirumi ulioko chini yake ulikaa umefukiwa hadi 1951. Mwaka 1487, baada ya kuzingirwa kwa miezi kadhaa, Málaga ilisalimu amri kwa Isabel na Fernando, na sehemu kubwa ya wakazi wake wakauzwa utumwani. Jua likiwa kali juu ya bandari ile, na meli za watalii zimetia nanga, habari hizo huwa nzito kumezwa. Lakini bila hizo Alcazaba ni kilima chenye maua.

Wapo watakaopinga: mtu amelipa nauli apumzike, si afanye mtihani wa historia. Pingamizi hilo lina haki yake. Hakuna anayedai mgeni ajifunze Kiarabu kabla ya kupanda ndege. Kinachodaiwa ni kidogo: ukuta ulioandikwa uwekewe tafsiri karibu nao, na kilichojengwa upya kitenganishwe na cha kale. Ngome ya Almodóvar del Río, mkoani Córdoba, ilifanyiwa ukarabati mkubwa kuanzia mwaka 1901 na mwenyewe, mtu wa ukoo wa makabaila. Leo inapendeza kama sinema, na kwa kweli imetumiwa kwa sinema, lakini mgeni hawezi kujua kwa urahisi jiwe lipi ni la lini. Kinyume chake, mnara wa Matrera katika mkoa wa Cádiz ulipobomoka kiasi mwaka 2013, msanifu Carlos Quevedo aliujazia kwa kuta nyeupe tupu ili jipya lijulikane kuwa jipya. Mwaka 2016 alichekwa dunia nzima. Waliocheka walitaka kudanganywa kwa ustadi zaidi.

Ulaghai wa aina nyingine hauhitaji hata chokaa. Huko Vélez-Blanco, mkoani Almería, Pedro Fajardo alijenga ngome kati ya 1506 na 1515, akaitia ua wa marumaru uliochongwa kwa mtindo wa Kiitalia. Mwaka 1904 warithi waliuuza ua huo, ukang'olewa jiwe kwa jiwe. Anayepanda kilima hicho sasa hupokewa na minara iliyo kamili kwa nje na uwazi mtupu kwa ndani. Matao yako New York, katika jumba la makumbusho la Metropolitan, na maandishi ya Kilatini yanayotaja jina la Fajardo, mwaka alioanza na mwaka aliomaliza, bado yanazunguka juu yake, huku wageni wa huko nao wakipita chini yake na kamera zao.